Vifaa vya Kujazia Risasi kutoka Ng'ambo: Kifurushi Kimoja, Sheria Tatu

Risasi ya kisasa ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki iliyobanwa kitakoni mwa ganda, baruti iliyomo ndani, na kichwa kinachotoka mdomoni mwa bunduki. Bunduki ikilia, fataki na baruti huteketea na kichwa huenda zake, lakini ganda hubaki zima. Kujaza upya ni kulitumia ganda hilo mara nyingine. Ganda hubanwa lirudie umbo lake, fataki iliyokufa hutolewa na mpya hutiwa, baruti hupimwa na kumiminwa, kisha kichwa kipya hukazwa mdomoni. Kazi hiyo hufanywa mezani kwa mashine ya mkono, na katika nchi zinazoiruhusu ni jambo la kawaida kwa wawindaji na walenga shabaha.

Afrika Kusini ni mojawapo ya nchi hizo. Baruti hutengenezwa humo humo kwa jina la Somchem, na viwanda vya ndani hutoa maganda na vichwa, lakini mashine na zana nyingi za kujazia hutoka Marekani. Mnunuzi wa Pretoria au Bloemfontein anapolinganisha bei ya muuzaji wa Marekani na ya duka la mtaani kwake, huiona tofauti na kuidhani kuwa ni faida yake yote. Hesabu hiyo huwa na pengo. Kifurushi kinachoagizwa hushikwa na mikono mitatu: sheria ya nchi inayouza, masharti ya anayekibeba, na sheria ya nchi inayokipokea. Kila mkono una namna yake ya kukiainisha kilichomo. Oda hupita au hukwama kulingana na jina ambalo kila kipande kinapewa katika kila hatua, na ni baada ya hapo ndipo bei inapokuwa na maana.

Vifaa hivi vinatoka wapi

Biashara ya zana za kujazia risasi imejikita Marekani kwa sababu za kihistoria. Kampuni ya Lyman ilianza mwaka 1878. RCBS ilianzishwa na Fred Huntington huko Oroville, California, mwaka 1943, wakati vichwa vya risasi vya kiraia vilipokuwa haba kwa sababu ya vita. Baada ya vita wanajeshi walirudi nyumbani, bunduki za ziada zikauzwa kwa bei ya chini, na soko likapanuka. Redding ya Cortland, New York, ilianza mwaka 1946. Hornady ya Grand Island, Nebraska, mwaka 1949. Na Lee ya Hartford, Wisconsin, mwaka 1958, ikilenga mtu mwenye kipato kidogo. Dillon ya Arizona ilijipatia jina kwa mashine za mfululizo, ambazo hutoa risasi moja kamili kila mkono unapovutwa, badala ya kufanya hatua moja kwa maganda yote kabla ya kuingia hatua inayofuata.

Upande wa vijenzi, Ulaya ina uzito wake. Norma ya Sweden iliundwa mwaka 1902. Finland ina kiwanda cha baruti cha Vihtavuori, kilichoanza mwaka 1922, na kiwanda cha risasi cha Lapua, kilichofuata mwaka 1923. Maganda ya Lapua husifiwa na walenga shabaha wa masafa marefu kwa jinsi yanavyolingana uzito na unene.

Afrika ilikuwa na sababu ya ziada ya kujaza risasi. Bunduki nyingi za kuwindia wanyama wakubwa zilizobebwa Kenya, Tanganyika na kusini mwa bara zilikuwa za Kiingereza, za kaliba kama .470 Nitro Express na .416 Rigby, na zilitegemea risasi za Kynoch za Birmingham. Kufikia miaka ya 1970 Kynoch ilikuwa imeacha kutengeneza risasi hizo kubwa. Mwenye bunduki ya thamani kubwa akabaki na chuma kizima kisicho na cha kupiga, na kujaza mwenyewe ndiyo ikawa njia ya kuifanya bunduki iendelee kutumika. Siku hizi kaliba nyingi za zamani zimerudi viwandani, ila kwa bei ambayo bado humsukuma mwindaji kwenye mashine yake ya mezani.

Kifaa na kijenzi

Mgawanyo wa kwanza ambao mnunuzi anapaswa kuujua ni kati ya kifaa na kijenzi. Kifaa ni kile kinachobaki mezani kazi ikiisha: mashine ya kubania, kalibu za chuma zinazolirudisha ganda kwenye umbo lake, mizani, kipimio cha baruti, kalipa, na chombo cha kusafishia maganda. Kijenzi ni kile kinachoondoka ndani ya risasi: ganda, fataki, baruti na kichwa. Vyote huuzwa duka moja, mara nyingi kwenye ukurasa mmoja, lakini sheria huvitenganisha kabisa.

Sheria hazivitenganishi kwa namna moja kila nchi. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto ya mwaka 2001 inazitaja risasi kuwa ni risasi kamili pamoja na vijenzi vyake, yaani maganda, fataki, baruti na vichwa, kwa sharti kwamba vijenzi hivyo viwe vinahitaji kibali katika nchi husika. Sharti hilo la mwisho limeiachia kila nchi uhuru wa kuamua. Umoja wa Ulaya ulitumia maneno yanayokaribiana sana na hayo katika kanuni yake ya mwaka 2012 ya usafirishaji wa silaha nje. Matokeo yake ni kwamba ganda tupu huweza kuwa risasi kisheria upande mmoja wa bahari, na kuwa kipande cha shaba tu upande wa pili.

Mfano wa Afrika Kusini na Marekani unaonyesha hilo waziwazi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto ya Afrika Kusini, Namba 60 ya mwaka 2000, inasema risasi ni fataki au risasi iliyokamilika. Kwa maneno hayo ganda tupu na kichwa peke yake haviingii katika fungu la risasi, ilhali fataki moja, ndogo kuliko punje ya mbaazi, inaingia. Baruti husimamiwa na sheria za vilipuzi. Marekani inaliona jambo hilo kwa jicho tofauti: katika kanuni zake za mauzo ya nje, ganda, kichwa na fataki vyote ni sehemu za risasi na vyote hudhibitiwa. Mnunuzi wa Durban anayeagiza maganda mia moja ya .375 H&H huweza kuwa hana kosa lolote nyumbani kwake, na oda yake ikazuiwa kabla haijaondoka Marekani.

Sheria ya nchi inayouza

Hadi mwanzoni mwa mwaka 2020, bunduki za kawaida na risasi zake zilikuwa kwenye orodha ya zana za kivita ya Marekani, chini ya Wizara ya Mambo ya Nje. Tarehe 9 Machi 2020 sehemu kubwa ya bidhaa hizo ilihamishiwa Wizara ya Biashara, kwenye orodha ya bidhaa za kibiashara zinazodhibitiwa. Risasi na vijenzi vyake vilipewa kundi la 0A505, na mitambo ya kutengenezea risasi ikapewa kundi la 0B505.

Kundi hilo la pili lina maneno yanayompa nafuu mnunuzi mdogo: vifaa vya kujazia risasi kwa mkono vimeachwa nje. Mashine ya chuma ya kufungwa mezani, kalibu zake na kipimio cha baruti havihesabiwi pamoja na mitambo ya kiwandani. Kwa nchi nyingi, vifaa hivyo huweza kuondoka Marekani bila leseni maalumu ya mauzo ya nje.

Hata hivyo, kuachwa nje ya kundi hakumaanishi kuachwa huru. Sheria za Marekani humtazama pia mnunuzi ni nani, matumizi ni yapi na nchi ni ipi. Muuzaji analazimika kuhakikisha kwamba jina la mteja halimo kwenye orodha za waliowekewa vikwazo. Nchi zilizo chini ya vikwazo vya silaha vya Marekani huchunguzwa kwa ukali zaidi, na orodha hiyo ina majirani wa karibu: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Sudan Kusini, Somalia na Zimbabwe zimo. Mnunuzi wa Afrika Kusini anayekusudia kuipeleka mashine yake ng'ambo ya Mto Limpopo anapaswa kulisema hilo tangu mwanzo, kwani sheria za Marekani huendelea kuifuata bidhaa hata baada ya kufika katika nchi ya kwanza.

Kiasi nacho kina athari. Bidhaa ya aina moja yenye thamani isiyozidi dola 2,500 na isiyohitaji leseni kwa kawaida haidai tamko la kielektroniki la mauzo ya nje. Ikizidi hapo, tamko hudaiwa, na gharama ya kulijaza humwangukia mnunuzi kwa njia moja au nyingine. Ndiyo maana oda ya pamoja ya chama cha walenga shabaha, yenye mashine sita za aina moja, huweza kuwa na makaratasi mengi kuliko oda sita za watu sita. Kuigawa oda moja kwa makusudi ili kukwepa tamko ni kosa, na hakuna akiba inayolingana na hatari yake.

Wauzaji wengi wa rejareja huamua kutouza nje kabisa. Hawana mtu wa kuzifuatilia kanuni, na faida ya mashine moja hailipii kosa moja. Baadhi ya wanunuzi hukimbilia kampuni zinazokodisha anwani ya Marekani na kusafirisha mzigo mbele. Njia hiyo ina mitego miwili: nyingi ya kampuni hizo hupiga marufuku chochote kinachohusiana na silaha, na muuzaji aliyeambiwa kwamba mzigo unabaki Marekani amedanganywa kuhusu mauzo ya nje. Njia safi ni muuzaji anayekubali mwenyewe kuandika anwani ya Afrika Kusini kwenye ankara.

Masharti ya anayebeba

Baada ya sheria ya muuzaji, mzigo huingia mikononi mwa msafirishaji. Hapa mgawanyo wa kifaa na kijenzi hugeuka kuwa mgawanyo wa kisicholipuka na kinacholipuka. Fataki za risasi zina namba ya Umoja wa Mataifa UN 0044. Baruti isiyo na moshi ina namba UN 0161, au UN 0509 kutegemea jinsi ilivyofungashwa. Namba hizo zinaviweka katika daraja la kwanza la bidhaa hatari, yaani vilipuzi. Posta haibebi vilipuzi, kwani mkataba wa Umoja wa Posta Duniani unavikataza. Kampuni za vifurushi zinazovibeba hudai mteja mwenye akaunti iliyoidhinishwa, ufungashaji uliopimwa na hati za bidhaa hatari. Kwa mtu mmoja anayetaka kopo moja la baruti, njia hiyo haipo kibiashara.

Kanuni ya kivitendo inayotokana na hilo ni fupi: vifaa huagizwa ng'ambo, fataki na baruti hununuliwa nyumbani kwa muuzaji mwenye leseni. Waagizaji wakubwa huleta fataki na baruti za kigeni kwa vibali vyao na kwa meli au ndege zinazoruhusiwa, na bei ya dukani imekwisha kubeba mzigo huo.

Kwa vifaa, suala la msafirishaji ni uzito. Mashine ya hatua moja ya chuma cha kusubu, ya daraja la Rock Chucker ya RCBS, huwa na kilo 8 au zaidi kabla ya kufungashwa. Kampuni za vifurushi hutoza kwa uzito halisi au uzito wa ujazo, ule ulio mkubwa. Uzito wa ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawa kwa 5,000. Sanduku la sentimita 40 kwa 30 kwa 25 lina uzito wa ujazo wa kilo 6, kwa hiyo mashine ya chuma hulipiwa kwa uzito wake halisi. Chombo cha plastiki cha kusafishia maganda, kikubwa na chepesi, hulipiwa kwa ujazo. Kwa sababu hiyo kalibu, vishika-ganda na zana ndogo ndizo zinazofaa zaidi kuagizwa: thamani kubwa ndani ya kisanduku kidogo. Mashine nzito mara nyingi hupoteza faida yake angani.

Sheria ya nchi inayopokea

Forodha hukitambua kitu kwa ankara yake. Katika mfumo wa kimataifa wa ainisho la bidhaa, sehemu za silaha zipo namba 9305, risasi na sehemu zake namba 9306, baruti namba 3601 na fataki namba 3603. Mashine kwa jumla zipo sura ya 84. Ankara iliyoandikwa kwa mkato "vifaa vya risasi" humpa ofisa sababu ya kuisogeza namba 9306, na mzigo husimama ukingoja kibali cha polisi ambacho kwa kweli hauhitaji. Ankara nzuri hutaja kila kipande kwa kazi yake: mashine ya mkono ya chuma cha kusubu ya kubania maganda matupu, kalibu mbili za chuma za kaliba ya .308, mizani ya elektroniki. Mwishoni huongezwa mstari mmoja unaosema kwamba ndani hamna risasi, fataki wala baruti. Maelezo hayo ni ya kweli na yanatosha. Kuiita mashine hiyo "zana za useremala" huonekana ni ujanja mdogo, lakini ni tamko la uongo kwa forodha, na adhabu yake huzidi thamani ya mashine.

Ukokotoaji wa kodi nao una utaratibu wake. Afrika Kusini hupima thamani ya forodha kwa bei ya bidhaa ikiwa imepakiwa katika nchi inayouza, bila nauli ya kimataifa. Thamani hiyo huongezwa asilimia 10, kisha huongezwa ushuru wa forodha kama upo, na jumla hiyo ndiyo inayotozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 15. Chukulia mashine ya randi 6,000 ambayo nauli na bima yake ni randi 3,000, na ambayo namba yake ya ainisho haina ushuru. Thamani ya kutozwa kodi ni randi 6,600, na kodi ni randi 990. Jumla ni randi 9,990, kabla ya ada ya wakala wa forodha. Uingereza, ambayo hujumlisha nauli na bima kwenye thamani na kutoza asilimia 20, ingedai kodi ya randi 1,800 kwa mzigo huohuo. Mnunuzi wa Afrika Kusini ana nafuu katika kodi, ila nauli na bima bado ni nusu ya bei ya mashine.

Jambo moja huwashtua wengi. Bidhaa iliyotumika huhitaji kibali cha kuingizwa nchini kutoka tume ya usimamizi wa biashara ya kimataifa ya Afrika Kusini, ITAC, na kibali hicho huombwa kabla mzigo haujasafirishwa. Mashine za zamani za chuma kizito, zinazotafutwa sana minadani Marekani kwa sababu hazichakai, huangukia hapo. Anayenunua mashine ya miaka ya 1970 kwa bei nusu bila kibali huweza kuipoteza yote bandarini.

Kuhusu haki ya kujaza yenyewe, sheria ya mwaka 2000 humruhusu mwenye leseni ya bunduki kujaza risasi za bunduki aliyonayo kwa leseni. Mwenye leseni wa kawaida huwekewa kikomo cha risasi 200 kwa kila bunduki, na fataki zina kikomo cha 2,400. Wawindaji na walenga shabaha waliotambuliwa rasmi kupitia vyama vyao hawafungwi na viwango hivyo. Mwaka 2021 serikali ilichapisha rasimu ya muswada ambayo, pamoja na mambo mengine, ilikusudia kupiga marufuku kujaza risasi. Vyama vya wawindaji na walenga shabaha viliipinga vikali, na marufuku hiyo haikupita wakati huo. Tukio hilo lina funzo la kifedha: mashine ya maelfu ya randi ina thamani maadamu sheria inaruhusu kazi yake, na mnunuzi makini huifuatilia miswada kama anavyoifuatilia bei ya dola.

Vipimo na kulingana kwa vifaa

Kifaa kilichopita mikono yote mitatu bado huweza kufika na kisifae. Habari njema ni kwamba sekta hii ilikubaliana mapema juu ya uzi mmoja wa skrubu. Kalibu nyingi za bunduki za kawaida zina kipenyo cha inchi 7/8 na nyuzi 14 kwa kila inchi. Kalibu ya Redding huingia kwenye mashine ya Lee, na ya Hornady kwenye mashine ya RCBS. Kaliba nene sana ndizo zenye kalibu pana zaidi zisizoingia kwenye mashine ya kawaida, na wawindaji wa nyati na tembo ndio wanaokutana nazo. Mashine za mfululizo nazo zina sahani na vichwa vyake visivyobadilishana na vya kampuni nyingine, kwa hiyo anayenunua mashine ya namna hiyo amejifunga na kampuni hiyo kwa vipuri vyote vijavyo.

Kishika-ganda ni kipande kidogo cha chuma kinachobana kitako cha ganda wakati wa kazi, na ndicho kinacholeta makosa mengi kuliko ukubwa wake. Umbo lake kwa sehemu kubwa hubadilishana kati ya kampuni, lakini namba zake hazilingani. Ganda la .30-06, ambalo kitako chake ni sawa na cha .308 na .270, huitwa namba 3 na RCBS, namba 2 na Lee, na namba 1 na Hornady. Anayeagiza namba 3 ya Lee kwa sababu rafiki yake mwenye RCBS alimwambia namba 3, hupokea kipande cha dola chache kisichoshika kitu, na kukirudisha hugharimu kuliko kukinunua. Oda salama hutaja kaliba pamoja na namba ya kampuni husika.

Umeme ni suala jingine. Marekani hutumia volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Afrika Kusini hutumia volti 230 na mizunguko 50. Kifaa chenye adapta inayokubali volti 100 hadi 240 hakina shida, na hubadilishiwa plagi tu. Chombo cha kusafishia maganda chenye mota ya kawaida huhitaji transfoma, na hata kwa transfoma baadhi ya mota hupungua kasi kwa takriban sehemu moja ya sita, kwa kuwa transfoma hubadilisha volti na kuiacha mizunguko ilivyo. Vifaa vinavyopimia baruti vyenyewe kwa umeme mara nyingi huuzwa kwa matoleo mawili, na toleo la volti 230 hupatikana kwa urahisi zaidi kwa mwakilishi wa ndani.

Mizani inastahili uangalifu wa pekee kwa sababu ndiyo inayolinda macho na vidole. Wajazaji hupima baruti kwa greni, ambapo greni moja ni gramu 0.0648, na usahihi unaotarajiwa ni sehemu moja ya kumi ya greni, yaani gramu 0.0065. Mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01 haifiki hapo, kwa kuwa hatua yake moja ni zaidi ya greni 0.15. Mizani ya mkono ya zamani, isiyo na umeme, hufika. Aina yoyote inayoagizwa inapaswa kuja na vijiwe vya kuikagulia.

Kitabu cha vipimo kinachouzwa pamoja na mashine nacho hakivuki mpaka kirahisi. Vitabu vya Marekani vimejaa baruti za soko la Marekani. Baruti ya Somchem ina majedwali yake, na kipimo cha baruti moja hakihamishwi kwenye nyingine hata kama rangi na umbo la punje vinafanana. Kosa la hapo halisahihishwi na wakala wa forodha; huipasua bunduki.

Dhamana, vipuri na muuzaji wa ndani

Kampuni kadhaa za Marekani husifika kwa dhamana ya maisha. Ndani ya Marekani kipuri hutumwa bure kwa simu moja. Nje, dhamana mara nyingi hutekelezwa na mwakilishi wa nchi, na mwakilishi ana haki ya kuuliza ankara yake iko wapi. Mashine iliyonunuliwa moja kwa moja kutoka ng'ambo hudai vipuri moja kwa moja kutoka ng'ambo, kwa nauli ya mnunuzi. Kwa mashine ya hatua moja, ambayo ina sehemu chache zinazosogea, hasara hiyo ni ndogo. Kwa mashine ya mfululizo yenye springi, nyaya na vipande vya plastiki vinavyochakaa, dhamana ya karibu huweza kuwa na thamani kuliko tofauti ya bei.

Hesabu ya kweli basi hulinganisha bei ya duka la ndani na jumla ya vitu vitano: bei ya ng'ambo, nauli na bima, kodi, ada ya wakala, na thamani ya dhamana iliyopotea. Tofauti ikiwa ndogo, duka la ndani lina haki ya kushinda. Penye pengo kubwa, au pale ambapo kifaa hakiletwi kabisa nchini, kama kalibu za kaliba adimu, ng'ambo ndiyo njia.

Afrika Mashariki

Kaskazini zaidi, picha hubadilika. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, huuweka utengenezaji wa risasi chini ya leseni. Tanzania inaendelea na uwindaji wa kitalii, lakini sheria yake ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015 nayo haimwachii mtu binafsi utengenezaji wa risasi bila ruhusa ya mamlaka. Mwindaji mgeni anayekuja Tanzania na risasi alizozijaza kwao huzitangaza kama risasi nyingine zozote. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 imezifunga nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika katika udhibiti wa pamoja wa silaha ndogo, ikijumuisha risasi. Kwa mkazi wa nchi hizo, swali la kwanza si bei wala nauli. Ni kama mamlaka ya silaha inamruhusu kumiliki na kutumia mashine hiyo, na jibu linapaswa kuwa kwa maandishi kabla dola moja haijalipwa.

Mpangilio wa oda

Pale ambapo kujaza kunaruhusiwa, oda inayofaulu hufuata mpangilio usiobadilika. Kwanza, kila kipande huwekwa upande wa vifaa au upande wa vijenzi, na vijenzi huachiwa soko la ndani. Pili, muuzaji huulizwa kama anasafirisha nje kwa jina lake mwenyewe na kama kipande hicho kinahitaji leseni ya mauzo ya nje. Tatu, wakala wa forodha huonyeshwa rasimu ya ankara na kuulizwa namba ya ainisho, ushuru wake, na kama kibali chochote kinahitajika. Nne, kaliba, uzi wa skrubu, namba ya kishika-ganda na volti hukaguliwa dhidi ya kile kilichopo mezani. Tano, jumla ya gharama hulinganishwa na bei ya muuzaji wa ndani. Malipo hufuata baada ya hatua hizo tano, na nakala za ankara, barua za muuzaji na hati za forodha huhifadhiwa pamoja na leseni ya bunduki, kwa sababu ofisa wa ukaguzi huweza kuziomba miaka mingi baadaye.